Umaskini Hauimbi

Kila anapotajwa Siti binti Saad, hakosi mtu wa kusema kuwa shida ndizo zilizomfunza kuimba. Maneno hayo mimi siyakubali.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Halikuwa jina la mzaha: utumwa Zanzibar ulifutwa kisheria mwaka 1897, yeye ameshakuwa msichana mkubwa. Kwao walikuwa wafinyanzi, naye akavichukua vyungu kichwani, akavitembeza mjini akinadi. Wasimulizi hupenda kusema kwamba ndiko sauti yake ilikopata nguvu. Haya, na iwe hivyo. Lakini wauza vyungu walikuwa wangapi? Kama kunadi kungetosha, kila nyumba ya Fumba ingetoa mwimbaji. Wengine walizeeka na sauti zao, wakazikwa nazo, wala hatujui hata majina yao.

Siti aliinuka alipoutua mzigo ule. Mwaka 1911 alihamia mjini, akapata wanamuziki wa kumfundisha. Mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Na ule ufukara ulimfaa nini? Uliwapa wapinzani wake fimbo ya kumpigia: walimwimba kuwa amekuja mjini na kaniki, hana uzuri wala asili. Ilimbidi atumie kipaji chake kujitetea kwa kosa la kuzaliwa maskini.

Nina sababu ya kuudhika. Miaka iliyopita kijana wa jirani yangu, mwenye sauti ya kupendeza na nyimbo alizozitunga mwenyewe, aliniomba nauli ya kwenda kwa mwalimu wa udi. Fedha nilikuwa nazo mfukoni. Nikamwambia, "Vumilia, mwanangu. Hata Siti aliuza vyungu."

"Ahsante, mzee," akanijibu, akaenda zake.

Hakurudi tena kuniomba kitu. Siku hizi anapakua magunia, na tukikutana njiani hunisalimu kwa adabu ileile. Sijamsikia akiimba.

Kwa hiyo tumsifu Siti, lakini tusiusifu umaskini wake, maana sifa hizo zimekuwa kisingizio chetu cha kutotoa. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi nilimjua vizuri, alisimama mlangoni pangu, nami nikamsimulia hadithi.