FUNDI ASIYEULIZA ANATULIA AKIBA

Ndugu wanaushirika,

Jumamosi tutaombwa kupitisha fedha za kutengeneza mashine kumi za kupukuchua mahindi, mfano wa ile iliyolala pale godauni. Mimi nasema hapana, na sababu zangu ni hizi.

Ile mashine kuinyanyua ni watu wanne. Tena inapukuchua mahindi tu. Sasa jamani, hapa kwetu nani analima mahindi peke yake? Shambani maharage yamo, mbaazi zimo, ngwara imo. Mahindi yakiisha, mama anarudi kule kule: turubai chini, fimbo mkononi, vumbi kifuani. Msimu mzima imekodiwa mara mbili! Mafundi wanasema wakulima hawapendi maendeleo. Huo ni uongo. Mkulima hakuulizwa kitu.

Wapo wanaosema kuuliza watu ni kupoteza muda, eti fundi amesomea. Basi waende Mang'ola. Mhunzi wa Kidatoga hana cheti ukutani. Ana moto, mivukuto ya ngozi, misumari na vyuma chakavu. Lakini anajua Mhadzabe anawinda nini. Kwa ndege na wanyama wadogo mshale wa ncha ya mti unatosha. Chuma kinatakiwa kwa mnyama mkubwa, pamoja na sumu yake. Mhunzi akifua ncha isiyofaa, asali ya kubadilishana haioni. Na watalii walipoanza kufika, aliyeyusha kufuli na koki mbovu akawafulia bangili. Moto ni ule ule, ila alimtazama mnunuzi kwanza.

Tusiambiwe pia kwamba haiwezekani. Hapo Arusha, Imara Tech wanatengeneza mashine moja inayopura mahindi, maharage na mtama, tena inahamishika kufuata mazao shambani. Nao ni karakana ndogo, si kiwanda cha Ulaya.

Tunaambiwa chuma kimeshanunuliwa. Sawa. Chuma hakiozi kwa msimu mmoja, lakini akiba ikishaliwa hairudi.

Kwa hiyo naomba mkutano uamue hivi:

1. Mafundi wakae kwanza na akina mama wanaopura, kila kitongoji, wawaulize na wayaandike majibu.

2. Itengenezwe mashine MOJA. Ipelekwe shambani, ipewe maharage yenye vumbi na maganda, siyo mahindi safi ya kuonyesha wageni.

3. Aliyeitumia ndiye aseme ifae au ikatwe upya. Fundi asikilize, asijitetee.

Siwachukii mafundi wetu. Ni vijana wetu, na mikono yao ni mizuri. Lakini mkono mzuri ukifanya kazi isiyotakiwa, hasara ni yetu sote.

Jumamosi njooni, hasa akina mama. Msinyooshe mkono kabla hamjauliza. Fedha hizi ni magunia yetu!

Ni mimi mwanachama mwenzenu.