Ati faiba haiozi?

Wasee wa Buru tunapenda faiba. Bampa ya nganya ni faiba, spoila ni faiba, na ukimuuliza fundi yeyote anakujibu hivyo hivyo: faiba haishiki kutu. Sawa, kutu ni ya chuma. Lakini kioo nacho huliwa, na ndiyo maana binamu yangu anachechemea.

Alikuwa anafanya kazi Inda, mahali vyuma vinaoshwa kwa asidi kabla ya kuchovywa kwenye zinki. Tangi lilikuwa la faiba. Akaona ufa mwembamba kama unywele, akamwambia mdosi. "Faiba haiozi, rudi kazi." Wiki mbili baadaye likapasuka, asidi ikamwagika miguuni. Kipande alichonionyesha kilikuwa kimekatika laini, kama kimepitiwa na kisu.

Hicho kipande ndicho kilinifanya nianze kusoma. Nyuzi za kawaida, zile za E-glass, silika ni kama nusu tu na kidogo. Zilizobaki ni kalisi, alumini, mara nyingi na boroni. Asidi ikipata upenyo kwenye risini inafika kwa uzi, inanyonya kalisi na alumini, inaacha kiunzi cha silika kisicho na nguvu. Tangi likijaa, uzito unavuta hizo nyuzi zinakatika moja baada ya nyingine. Hata asidi iliyozimuliwa inaweza kufanya hivyo. Na kwa nje tangi linang'aa tu, ebu fikiria.

Kinachoniudhi ni kwamba dawa inajulikana. Kuna nyuzi za E-CR, hazina boroni na zinavumilia asidi vizuri zaidi. Kuna risini ya vinaili esta. Kuna kuweka tabaka nene la risini upande wa ndani. Ni ghali, ndiyo. Mdosi alienda kwa fundi wa bampa, akatengenezewa kwa malighafi ya bampa. Fundi simlaumu sana, hakuambiwa kitakachowekwa humo.

Halafu kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Mfanyakazi akiripoti hatari kubwa, mwajiri haruhusiwi kumrudisha hapo kabla hajairekebisha.

Binamu aliripoti. Alirudishwa pale pale, na glavu za kuoshea vyombo.