Mugongo unauma, batoto wanangoja: simu inaweza nini, na nini haiiwezi?



Tangu ChatGPT ilipotoka mwezi wa Novemba 2022, na tangu mashini za namna hiyo zilipoingia mpaka ndani ya WhatsApp, akili bandia haiko tena habari ya watu wa mbali. Iko mu mifuko yetu. Na betri ya simu hizi, nyingi ziko na kobalti ndani. Kobalti ya dunia, karibu 70 kwa 100 inatoka Kongo, hapa kwetu mu Lualaba na Haut-Katanga. Basi ni haki yetu kuuliza: hii mashini inasaidia nani kati yetu?

Tumutazame mutu mumoja ambaye sisi wa sendika tunamukuta kila juma: muzazi anayelea batoto peke yake, na mwili wake unauma tangu miaka. Ni dereva wa kamyo kubwa ya mugodi, aliyetikiswa mu kiti kila zamu mpaka mugongo umeharibika. Ao ni mama mujane anayetwanga mawe na kubeba mifuko. OMS, Shirika la Afya la Ulimwengu, lilihesabu watu milioni 619 wenye maumivu ya mugongo wa chini mu mwaka 2020, na linasema ndiyo sababu ya kwanza ya ulemavu duniani. Lakini ugonjwa huu hauonekani. Hauna kidonda, hauna damu. Mukubwa wa kazi anasema ni uvivu, na jirani naye anasema vile.

Wenye bwana ao bibi mu nyumba wanagawanya mizigo. Aliye peke yake, usiku mumoja bila kulala unamuharibia kesho yote: maji, bukari, uniforme, devoir ya mutoto, barua ya masomo. Maumivu hayakule mugongo tu, yanakula na kichwa. Mutu anasahau, anakasirika, anapiga mutoto bila sababu.

Pale mashini inasaidia

Mu kazi ya kichwa, tumeona inasaidia kweli. Muzazi anasema mu simu: «Leo siwezi kusimama zaidi ya dakika kumi. Niko na unga, sombe na ndakala. Batoto ni batatu. Nipangie kazi ya jioni, mimi nikiwa nimekaa.» Inamupangia. Anaomba barua ya Kifaransa kwa mukubwa wa masomo, juu ya kuomba muda wa kulipa. Inaandika kwa heshima, naye anasahihisha. Aliyeacha masomo mu primaire anaweza kuelezewa hesabu ya mutoto, kisha akamusaidia huku amelala pembeni yake. Muzazi aliyelala pembeni ya mutoto na kumusikiliza analea vilevile.

Jambo la pili ndilo kubwa zaidi kwetu: daftari ya maumivu. Kila jioni mutu aseme maneno mafupi: tarehe, kazi aliyofanya, maumivu ni ngapi toka 0 mpaka 10, dawa aliyomeza, nini alishindwa kufanya mu nyumba. Kisha mwezi mumoja, mashini inaweza kuyaweka mu ukurasa mumoja ulio wazi. Lakini yale maneno ya kila siku yaandikwe na mu kayé, kwa mukono, juu mega zinaisha na simu inaibiwa. Ukurasa ule unapelekwa kwa munganga na kwa mujumbe wa sendika. Mutu anayesema tu «mugongo unauma», wanamupa vidonge na kumurudisha kazini. Mutu mwenye siku 30 zilizoandikwa, ni vigumu zaidi kumufukuza mu bureau.

Pale inadanganya

Mashini hizi zilisoma zaidi Kiingereza. Kiswahili chao ni cha vitabu vya Dar es Salaam, hakiko cha kwetu. Ukisema vile tunasema mu cité, inaweza kuelewa nusu na kujibu kana kwamba imeelewa yote. Haisemi upesi «sijui». Ukiuliza haki ya mufanyakazi kwa Kifaransa, unaweza kupewa sheria ya Ufaransa, ao namba ya artikle ambayo haiko. Mutu akienda na karatasi ya vile mbele ya mukubwa wa kazi, atachekwa, hata kama haki yake ni ya kweli.

Juu ya dawa, tuwe wakali. Vidonge vya maumivu vinavyouzwa mu soko, kama diklofenaki na endometasini, vikimezwa kila siku vinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Tramadoli inafunga mutu. Mashini haikuoni, haikugusi. Mutu akianza kukosa nguvu mu miguu, akikosa kusikia kitu katikati ya mapaja, ao mukojo ukianza kumutoka bila kujua, asiulize simu: aende hospitali siku ileile. Mugongo unaouma pamoja na homa, jasho ya usiku na kukonda, uchunguzwe. Kifua kikuu kinaingia mpaka mu mifupa ya mugongo.

Tena kuna mutoto mukubwa, zaidi sana binti. Muulize mashini namna ya kugawanya kazi, inaweza kumuandika yeye: achote maji, apike, aoshe wadogo. Mu karatasi inaonekana vizuri. Mu maisha, binti wa miaka 12 anageuka mama, na masomo yanakufa polepole. Masomo ya primaire ya serikali ni ya bure tangu 2019. Itatusaidia nini kama kiti chake kinabaki wazi? Nani atabeba nini mu nyumba, ni muzazi anayekata shauri, haiko simu.

Na siri. Jina la mutoto, picha yake, karatasi za hospitali zenye majina, visitiwe mu mashini ovyo. Kongo iko na Code du numérique tangu Machi 2023, na inalinda habari za mutu. Lakini habari zikisha kutoka mu simu, kuzirudisha ni kazi kubwa.

Deni haliko la mashini

Hapa njo kuna hatari tunayoiona. Kesho kampuni itasema: kwa nini munaomba munganga, na mashini muko nayo mu simu? Tukatae mapema. Code du travail inamupa muajiri kazi ya kutunza mufanyakazi mugonjwa, yeye na jamaa anayoilea. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya usalama wa jamii inaweka tawi la hatari za kazi, na muajiri njo anayelipa CNSS sehemu hiyo. BIT nayo, mu liste yake ya magonjwa ya kazi ya 2010, iko na magonjwa ya misuli na viungo. Lakini aliyeumia asipotangazwa, sheria inabaki karatasi. Na muchimbaji wa mukono, asiye na kontra wala muajiri, haki hizi hazimufikii hata kidogo. Yeye njo anaachiwa simu peke yake.

Basi tunaomba mambo matatu mu mapatano na makampuni. Kwanza, aliyeharibika mugongo apewe kazi nyepesi bila kupunguziwa mushahara. Pili, muzazi aliye peke yake asiwekwe zamu ya usiku bila kuulizwa. Tatu, wa sutretansi watunzwe sawa na wa kampuni kubwa. Kwa wachimbaji wa mukono, kooperative ziweke mufuko wa ugonjwa.

Na sisi wenyewe tuko na likelemba ya mafranga. Tuanze likelemba ya mikono: leo wewe unachota maji kwa mama yule, kesho mwingine anabaki na batoto wake saa anaenda kwa munganga. Simu inaweza kuandika zamu hizo vizuri. Lakini ndoo ya maji itabebwa na mutu.