Jambo Yao, Bonjour Yetu



Kwa miaka mingi nimekuwa miongoni mwa wasioistahimili ile "Jambo!" ya watalii. Nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu, kila mwaka niliwakumbusha wanachuo wangu kwamba salamu yetu ni "hujambo", yaani huna jambo, na kwamba anayeing'oa ile hu- ya ukanushi humwachia mwenziwe jambo lenyewe mikononi, tena akaenda zake bila kusubiri "sijambo". Nililisema hilo kwa ukali. Leo ukali huohuo naugeuzia kwetu, kwa sababu ya hiki tunachokifanyia Kifaransa kila tunapofunga mizigo ya safari.

Vimeenea vijitabu vinavyoahidi Kifaransa cha msafiri. Nimevisoma kadhaa. Ukurasa wa kwanza utakuta: hoteli iko wapi, bei gani, nataka maji, choo kiko wapi. Salamu zimetupwa huko nyuma, pamoja na majina ya siku na rangi. Msafiri anafundishwa kudai kabla hajafundishwa kubisha hodi.

Matunda yake nimeyaonja mwenyewe. Nilipokwenda Paris kumtembelea binti yangu, niliingia katika duka la mikate na sentensi niliyoikariri ndani ya ndege: "Où est la gare?" Stesheni iko wapi? Mama aliyekuwa nyuma ya kaunta alinitazama, akanyamaza kidogo, kisha akasema taratibu, "Bonjour, monsieur." Hakuwa amenijibu, alikuwa amenisahihisha. Kule mteja aingiaye dukani ndiye aanzaye kusalimu, na atokapo huaga kwa "au revoir". Kumrukia mtu kwa swali bila salamu ni sawa na kuingia uani kwa watu bila hodi. Mimi, mkali wa "hujambo", nilisimama pale nikiwa mtalii kamili.

Nikasalimu, nikauliza upya, naye akanielekeza kwa ukarimu. Hapo likanipata la pili. Alisema "tout droit", yaani nyoosha moja kwa moja; mimi nikasikia "à droite", kulia. Tofauti iko mwishoni: t ya "droite" hutamkwa, ya "droit" ni bubu. Nilikata kona ya kulia nikazunguka mitaani karibu nusu saa. Kijitabu kilinifundisha kuuliza, hakikunifundisha kulisikia jibu. Swali ambalo jibu lake hulielewi lina faida gani kwa mgeni mwenye begi mkononi?

Washairi, hapa ndipo ninapowataka mnisikilize. Vijitabu hivi huyaandika matamshi kwa herufi zetu, na kila neno hutiwa irabu ya mwisho hata pasipostahili: "bonzhuri", "madamu". Kifaransa kina irabu za puani ambazo sisi hatuna. "Vin" ni mvinyo, "vent" ni upepo, "vont" ni wanaenda, na kinachoyatenganisha maneno hayo matatu ni irabu hizo tu. Sisi tunaokesha tukihesabu mizani, tunaomsuta malenga kwa silabi moja iliyopungua, tunakubalije sikio la msafiri lifungiwe ndani ya irabu zetu tano? Wafaransa nao ni watu wa kuhesabu: mshororo wao mashuhuri, alexandrin, una silabi 12. Lugha yenye masikio kiasi hicho haistahili kutafunwa hivyo.

Kisha kuna adabu ya kitenzi. Kijitabu changu kilisema "je veux", nataka, kama mtoto anayelilia uji. Mfaransa mwenye adabu husema "je voudrais", na Mswahili hahitaji somo refu hapo, kwani ni -nge- yetu ileile: ningependa. "S'il vous plaît" nayo, ukiifumua, ni "ikiwa yawapendeza", na huyo "vous" wa wingi ndiye anayebeba heshima hata ukiwa unasema na mtu mmoja. Sisi heshima hiyo tunaiweka kwenye shikamoo, na kwenye mzee na bibi. Wao wameiweka kwenye kiwakilishi. Mtoto wa Kiswahili angelishika hili kwa dakika tano kama mwandishi wa kijitabu angalikumbuka kwamba anamwandikia Mswahili.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anaendesha masomo ya jioni ya lugha, amenijibu kwamba msafiri wa siku tano hana muda wa falsafa. Namheshimu, lakini kadi anayoiuza ina sentensi 50. Mimi naomba sita kabla ya hizo zote: bonjour, pardon, je voudrais, s'il vous plaît, merci, au revoir. Muda upo. Kilichovurugwa ni mpangilio.

Na kuna kioja kingine. Msafiri wa kwetu aendaye Bukavu au Lubumbashi naye hununua kadi hiyohiyo, ilhali sokoni kule angehudumiwa kwa Kiswahili! Hata akishikilia Kifaransa chake, kwa 70 atasikia "septante" na kwa 90 "nonante", hesabu ambayo Kongo iliirithi kwa Wabelgiji. Kadi yake ya Kiparisi imemkaririsha "soixante-dix", sitini na kumi, na "quatre-vingt-dix", yaani ishirini nne na kumi. Atalipa asichokielewa, huku lugha yake mwenyewe ameiacha begini.

Nimeanza kuandika orodha yangu, kwa kalamu, katika daftari la zamani la maandalio ya masomo. Ukurasa wa kwanza una neno moja tu, na chini yake nimeacha nafasi ya jibu. Wanaokijua Kifaransa kuniliko wanisahihishe, hasa kwenye zile irabu za puani, ambazo binti yangu anasema bado nazitamka kama mtu mwenye mafua.