Baada ya Digrii ya Hesabu

Kuna jambo tunalobishania sana bwenini. Nataka kusoma digrii ya hesabu, kisha niwe aktuaria, yaani bingwa wa hesabu za bima na pensheni. Wenzangu hucheka. Baba naye asema mtu wa hesabu mwisho wake ni chaki.

Kazi ya aktuaria ni kukadiria ya mbele: katika watu elfu wa umri fulani, wangapi huenda wakafa mwaka huu, na kila mmoja alipe kiasi gani leo ili wajane na yatima wasikose kesho. Mwaka 1693 Edmond Halley, yule mtaalamu wa nyota, alitoa jedwali la vifo kwa kutumia daftari za mji wa Breslau. Baadaye James Dodson wa London alinyimwa bima ya maisha kwa kuwa umri wake umepita miaka 45. Akapiga hesabu kuonyesha kwamba hata mtu mzima aweza kukatiwa bima, mradi kila mtu alipe kwa kadiri ya umri wake. Alikufa mwaka 1757, na mwaka 1762 chama cha bima kikaundwa kwa kufuata fikira zake. Naye alikuwa mwalimu wa shule, mtu wa chaki!

Wako watakaosema hayo ni ya Wazungu. La. Mtaani kwetu kilikuwako chama cha kuzikana. Kijana wa miaka 20 na mzee wa miaka 70 walilipa sawasawa. Vijana wakaona hasara, wakajitoa mmoja mmoja. Wakabaki wazee, na misiba ikafuatana. Mwaka jana sanduku likawa tupu, na jirani yetu aliyelipa miaka mingi akazikwa kwa fedha za kukopa. Hakuna aliyeiba hata senti moja. Kilichokosekana ni hesabu.

Vyuo Vikuu vya Dar es Salaam na Nairobi hufundisha digrii ya kazi hii yenyewe, na mwenye digrii hiyo huweza kusamehewa baadhi ya mitihani ya uaktuaria. Lakini mitihani hiyo huendelea miaka kadhaa baada ya chuo, mtu yu kazini, na wengi huachia njiani. Mwenye digrii ya hesabu akikwama, bado aweza kwenda kwenye takwimu, benki au (baba asinicheke) chaki. Kwa hiyo niko radhi kuchelewa.

Mwenye hoja ya kunipinga na aiandike katika toleo lijalo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne