Joka la Wazungu ni Sanaa, Chatu wa Ufipa ni Uchawi?

Haya wadau, najua nimepotea kidogo. Nilikuwa Skyrim.

Msicheke. Gemu lenyewe lilitoka tarehe 11 Novemba 2011, na nyie wa Dar mlishalimaliza zamani. Mimi laptop yangu ya mtumba ndiyo kwanza imekubali kulibeba, na baridi hii ya Sumbawanga jioni inakupa mambo mawili tu: jiko la mkaa au blanketi. Mimi nimeongeza la tatu. Nimecheza saa kama kumi na mbili hivi, kwa hiyo kwa wenye gemu lao sijafika popote... lakini nimeshapata la kusema, na si tamu sana.

Kwa wasiolijua: unaanza ukiwa mfungwa kwenye mkokoteni, mikono imefungwa, unapelekwa kukatwa kichwa. Kabla shoka halijashuka joka linatua juu ya mnara na kuanza kuuchoma mji. Unakimbia, unapita chini kwa chini, unatokea upande wa pili. Halafu gemu linakuachia. Milima, theluji, mito, vijiji, na hakuna wa kukulazimisha uende wapi. Ule mlima unaouona kule mbali si picha ya ukutani, unaweza kuupanda mpaka juu. Mimi saa nzima ya kwanza nilikuwa nafukuza vipepeo na kuchuma maua ya dawa, dunia ikaendelea kuungua bila mimi. Raha tupu!

Kwa hiyo tuelewane: gemu ni zuri. Ugomvi wangu si na gemu wala na waliolitengeneza. Ugomvi wangu ni na sisi.

Ulianzia kwa mhunzi. Kijiji cha kwanza unachofikia, Riverwood, kina mhunzi anayekufundisha kufua kisu. Baadaye unachimba mawe ya chuma mwenyewe, unayapeleka kwenye tanuri. Jiwe moja, kipande kimoja cha chuma. Unabonyeza kitufe, tayari, umeyeyusha. Nikacheka peke yangu kama chizi. Kwa sababu nimekaa Ufipa, nchi iliyokuwa inayeyusha chuma chake yenyewe kabla ya majembe ya kiwandani, na ninayeyusha chuma cha Wanodi wa kubuni kwa kitufe.

Wangapi kati yenu mnajua Wafipa walivyoyeyusha? Walijenga tanuri la udongo linaloitwa ilungu, yakiwa mengi ni malungu, refu kuliko mtu, mengine yakikaribia mita 3. Tanuri hilo halikupulizwa kwa mivukuto. Chini lilizungushiwa matundu yenye mabomba ya udongo, na moto ukavuta hewa wenyewe mpaka juu, kama bomba la moshi. Kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kikahamishiwa tanuri dogo, kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikofanya kazi. Ndipo chuma kikafika kwa mhunzi na kuwa jembe.

Na si ufundi mtupu. Tanuri lilichukuliwa kama mwanamke, kama bibi harusi, na chuma ndiye mtoto wake. Dawa ziliwekwa ndani yake. Wayeyushaji walitakiwa kujitenga na wake zao mpaka kazi iishe, maana tanuri nalo lilikuwa mke. Ukivunja mwiko, chuma hakizaliwi.

Sasa niambieni nyie mnaojua magemu: hiyo si misheni? Tafuta udongo. Kusanya dawa. Chimba mawe. Choma makaa. Shika mwiko siku zote hizo, na ukiteleza tanuri linatoa mavi ya chuma matupu. Hakuna kitufe.

Mabaki ya malungu yapo hadi leo Nkasi na kwingineko kwenye uwanda huu. Wataalamu wameyachimba na kuyaandika, akiwemo Profesa Bertram Mapunda, Mtanzania mwenzetu. Tena habari hizi zimeanza kuandikwa zamani. Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala kuhusu uyeyushaji wa chuma Ufipa. Mwaka huohuo, London, kikatoka kitabu The Hobbit cha J.R.R. Tolkien. Kimoja kimezaa sinema na ukoo mzima wa magemu ya majoka na wahunzi, na Skyrim ni mjukuu wake. Kingine kiko kwenye rafu ya maktaba kinasubiri mwanafunzi wa shahada ya tatu.

Mnataka kiti cha enzi? Kipo. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti hapa miaka ya 1960, aliandika simulizi ya Milansi. Mtawala wa kwanza aliitwa Ntatakwa, mtu aliyeshuka kutoka mbinguni. Siku moja akiwa porini anawinda, wakaja wanawake watatu wageni na kukitwaa kiti chake. Aliporudi, utawala haukuwa wake tena. Hakukuwa na vita. Wakapatana: yeye abaki na kilima cha Milansi na kazi ya mambo ya ibada, wageni watawale nchi nzima iliyobaki. Ukoo wa wanawake wale, Watwa (si wale Batwa wa misituni), ndio uliotawala, na baadaye nchi ikagawanyika tawala mbili, Nkansi na Lyangalile. Yaani wanawake watatu wanachukua nchi kwa kukalia kigoda, na aliyeporwa anabaki kuwa mtu wa lazima kwa sababu ardhi bado inamsikiliza yeye. Mwandishi wa gemu angelipa pesa nyingi kuota wazo kama hilo.

Na ramani? Magharibi, mpakani na Zambia, maporomoko ya Kalambo yanadondoka zaidi ya mita 200. Juu ya maporomoko hayo watafiti walikuta magogo mawili yaliyochongwa yakashikana, na mwaka 2023 wakatangaza kuwa yana miaka kama 476,000... kabla binadamu wa aina yetu hajakuwepo! Mashariki, Lyamba lya Mfipa, uwanda unakatika ghafla, na chini kabisa linaonekana Ziwa Rukwa lenye mamba wake. Katika bonde hilohilo la ufa yalipatikana mifupa ya Rukwatitan, dinosaria mwenye shingo ndefu aliyetangazwa mwaka 2014. Joka mnalotaka lina jina letu tayari.

Lakini sisi Sumbawanga tunaijua kwa nini? Kwa radi.

Ukitaja Dar kwamba unatoka Sumbawanga, mtu anajisogeza kiti. "Kaka usinitumie radi!" Kicheko. Mwingine anauliza bei ya ungo wa kurukia. Kicheko tena. Jina lenyewe, kwa maelezo ya wenyeji, maana yake ni tupa uchawi. Mji unakuamuru mlangoni uache uchawi wako nje, nchi nzima inausoma kama tangazo la kuuza uchawi.

Nikiri na dhambi yangu. Mimi ni mwandishi wa habari. Niliwahi kuandika habari ya radi iliyoua mtu, na kwenye aya ya nne nikaweka ile sentensi yetu: "Baadhi ya wananchi wamehusisha tukio hilo na imani za kishirikina." Sikuwa nimemuuliza mwananchi hata mmoja. Niliiweka kwa sababu habari ya Sumbawanga bila sentensi hiyo inaonekana haijaiva. Huku ni nyanda za juu, masika yana ngurumo, watu wanajikinga mvua chini ya miti. Hayo ndiyo nilipaswa kuyaandika.

Sentensi ile upande wa pili ina mtu. Ina kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Tunajua nchi hii imeua vikongwe wangapi kwa macho mekundu, hasa Kanda ya Ziwa. Ina mwenye ualbino. Februari 2013, hapahapa Rukwa, mwanamke na mtoto wenye ualbino walikatwa mikono. Januari 2015 serikali ikatangaza kupiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Kwa hiyo nikisema hadithi ni jambo zito, sisemi kwa sababu napenda magemu.

Angalieni kitu kimoja. Mtu anakaa saa mia kwenye Skyrim anarusha moto kwa mikono, anapambana na wachawi, anaamsha maiti. Akizima mashine anakunywa chai, haendi kumtazama jirani kwa jicho baya. Kwa nini? Kwa sababu kati ya hadithi na jirani kumechorwa mstari. Wazungu nao hawakuzaliwa nao. Walichoma watu kwa tuhuma za uchawi, maelfu kwa maelfu, hadi karne ya 18. Leo wachawi wao wako kwenye vitabu na magemu.

Vya kwetu viko wapi? Chatu, aliyeheshimiwa Ufipa na kuhusishwa na roho wa mahali, hana katuni, hana sinema, hana gemu. Anaishi sehemu mbili tu: kwenye utani wa Dar na kwa mpiga ramli. Hadithi ikikosa msanii, mpiga ramli ataichukua, na yeye haichukui kwa kucheza. Anaitafutia jirani.

Najua mtakachosema. La kwanza: sisi watu wa dini. Rafiki yangu mmoja mlokole aliniona nacheza, akavuta kiti, akasahau na chai yake. "Piga joka hilo! Piga!" Usiku nikamsimulia habari ya chatu wa Ufipa. Akasema, "Shindwa!" Joka linalotema moto na kula roho za watu ni burudani, nyoka wa mababu zake ni pepo.

Basi mwambieni hivi. Iceland iliupokea Ukristo karibu mwaka 1000. Miaka kama 220 baadaye Mkristo mmoja, Snorri Sturluson, akakaa chini akaandika habari za miungu ya zamani ili washairi wasiisahau lugha yao. Hakuiabudu. Aliiandika. Tolkien naye alikuwa Mkatoliki wa kuhudhuria misa, sawa na nusu ya majirani zangu hapa. Hizo theluji na majoka mnayoyapenda zimefika kwenu kupitia mikono ya Wakristo ambao hawakuogopa kuwa wasanii. Ukristo haukuwakataza wao, kwa nini uwakataze Wafipa?

La pili: nani atanunua? Aprili 2024 lilitoka gemu linaitwa Tales of Kenzera: Zau. Kiongozi wake, Abubakar Salim, ni Mwingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyetoa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins ya 2017. Alilitengeneza kwa majonzi ya kumpoteza baba yake, akatumia simulizi za Kibantu. Shujaa wake ni mganga kijana. Na unaweza kulicheza kwa sauti za Kiswahili! Mganga, shujaa, Kiswahili, kwenye PlayStation. Kabla yake, mwaka 2016, vijana wa Kiro'o Games wa Cameroon walitoa Aurion. Sidanganyi kwamba njia ni rahisi: studio ya Salim ilipunguza wafanyakazi mwaka huohuo wa 2024. Biashara ya magemu ni ngumu hata kwa wenye pesa. Lakini "haiwezekani" tuifute.

Wala sisemi gemu litazuia panga. Panga linazuiwa na polisi, mahakama na majirani wenye moyo. Wala sisemi kesho tufungue studio Sumbawanga, umeme wenyewe umenikatikia mara tatu nikiwa sijahifadhi, nikarudishwa kwa joka lilelile.

Ninachosema ni kidogo. Mchoraji, chora ilungu likiwaka usiku. Mwenye redio, fanya mchezo wa wanawake watatu wa Milansi. Mwalimu, wapeleke watoto wakayaone malungu kabla ng'ombe na mvua hazijayamaliza. Willis alichapa kitabu kizima cha sanaa ya masimulizi ya Wafipa mwaka 1978, kwa Kiingereza, Oxford. Nani kati yetu anacho kwa Kiswahili?

Na waandishi wenzangu, tuifute ile sentensi. Ukitaka kuandika kwamba wananchi wamehusisha, waulize kwanza ni wananchi gani. Mimi nimeshaanza.

Nikimaliza hii narudi Skyrim, sikatai. Nina mlima wa kupanda na wazee fulani wananisubiri juu kabisa wanifundishe kupiga kelele. Ila wikiendi naomba nipumzike gemu. Kuna mzee Nkasi ambaye babu yake aliyeyusha chuma, amesema nije na daftari, nisije na maswali ya radi.

Mnasemaje wadau? Uwanja wenu. Matusi tuachieni majoka.