"Wewe" Haimfai Kila Mtu

Kicheki kina viwakilishi viwili vya kumsemesha mtu mmoja: ty kwa mwandani, vy kwa mgeni au mkubwa. Kiswahili kina "wewe" pekee, na kwa hivyo hudhaniwa kuwa sarufi yetu haibainishi heshima. Dhana hiyo haikubaliki.

Sokoni Voi, mchuuzi wa nyanya mwenye adabu hamwambii mteja aliyemzidi umri, "Wewe unataka ngapi?" Husema, "Mama atachukua ngapi?" Kiambishi a- ni cha nafsi ya tatu, ilhali anayesemeshwa amesimama mbele yake! Nafsi imehamishwa ili kulinda heshima. Aidha, "wewe" hudondoshwa, ikabaki u-: "Umeamkaje, mzee?" Likitamkwa peke yake kwa ukali, neno hilo huwa karipio.

Jedwali la nafsi linalokaririwa shuleni halielezi hayo. Mtoto wa Wundanyi aliyelelewa kwa Kidawida huteremka mjini nalo kichwani, akamwambia mzee "wewe", akaonekana mtovu wa adabu. Wa kulaumiwa ni jedwali. "Shikamoo" nayo hufungua mazungumzo tu. Sentensi zifuatazo zina nafsi zake. Matumizi haya ya a- yafundishwe katika mada ya nafsi yenyewe, wala yasiachiwe somo la maamkizi.